Kosa Moja la Vichwa Thelathini na Kimoja

Tuanze na yale ambayo mashahidi wote waliafikiana. Kwamba shule ya sekondari iliyo nyuma ya kilima cha vifusi vya mgodi, katika cité ya Musonoi, mtaa wa wachimba shaba, kwa miaka tisa mfululizo haikuwahi kupitisha zaidi ya watano katika mtihani wa taifa. Kwamba mwaka huu ilipeleka watahiniwa thelathini na wanne, wakafaulu thelathini na mmoja. Kwamba watahiniwa hao waliketi katika vituo viwili, na kutoka kituo kimoja hadi kingine ni safari ya pikipiki ya dakika arobaini. Kwamba swali la kumi na nne, la kemia, wote thelathini na mmoja walilikosa, na walilikosa kwa jibu lile lile. Kwamba Jumatano asubuhi, benchi la Mama Kapinga, muuza kahawa, lilikuwa na watu watatu, birika likichemka juu ya mbabula, jiko la makaa, na barua ya Ukaguzi wa shule ikiwa mkononi mwa yule aliyevaa miwani. Mengine yote yaliyosemwa asubuhi ile yana ubishi ndani yake, na yapimwe kama hivyo.

Mwenye miwani alikuwa Tata Modeste. Kijiwe kilimwita Greffier, kwa kuwa alikuwa karani wa mahakama miaka ishirini na sita, akiandika viapo vya watu bila kuamini hata kimoja kabla hakijasimama kwa miguu yake. Sasa alikuwa mstaafu na katibu wa kamati ya wazazi, na barua ilimhusu yeye.

— Soma tena, Greffier, alisema Muamba, mwendesha pikipiki waliyemwita Radio, kwa sababu habari haikuwahi kupita kwake ikatoka bila kunenepa.

Modeste alisoma, akiitoa kwenye Kifaransa sentensi kwa sentensi:

— "Kwa kuwa kosa la pamoja ni dalili ya chanzo cha pamoja, kamati ya wazazi inatakiwa kueleza kwa maandishi, kabla ya saa sita mchana wa Jumatano, ni kwa njia gani watahiniwa walilipata jibu la swali la kumi na nne. Pasipo maelezo ya kuridhisha, matokeo ya shule nzima yatafutwa."

— Shule nzima! alisema Mama Kapinga, kijiko kikabaki hewani. Tata Greffier, mutoto wangu alipata asilimia makumi sita na munane. Nani alipataka ile mu hii cité? Nani?

Jibu lilijulikana. Binti yake, Mwadi, alikuwa wa kwanza. Nyuma ya mama, juu ya rafu ya vikombe, kulikuwa na kopo la poda nyeupe. Katika nchi hii aliyefaulu humwagiwa poda kichwani na ndugu zake, akatembea barabarani mweupe kama aliyetoka kwenye kinu cha unga, ili kila mtu ajue. Kopo lile lilikuwa na siku tisa bila kufunguliwa. Mama Kapinga hakuthubutu.

— Wakimufuta, aliendelea, mi siwezi tena kulipa mwaka ingine. Juma ijayo ataenda ku mto na babengine, kuosha mawe. Njo vile.

— Bon, alisema Radio. Mama, usikasirike, lakini hii mambo iko wazi. Balinunua. Kuko mutu Lubumbashi anauzishaka majibu mu telefone. Unalipa, anatuma, unaandika. Alikosa namba moja, bote bakakosa namba moja. Kwisha.

— Ulimwona mtu huyo? aliuliza Modeste.

— Wapi! Mutu ya vile haonekanake.

— Simu zilichukuliwa mlangoni katika vituo vyote viwili. Hilo limo ndani ya barua yenyewe. Na watahiniwa wa shule nyingine waliketi humo humo. Kama jibu liliuzwa kwenye simu, kwa nini wateja wawe wa shule moja tu, tena iliyo maskini kuliko zote?

— Greffier, unapenda kuharibia mutu habari yake.

Aliyecheka ni Tata Nkongolo, kijiweni akiitwa Ministre, mzee wa familia iliyotoka Kasai enzi za babu, ilipoletwa kwa treni kufanya kazi mgodini. Yeye mwenyewe alikuwa fundi wa umeme katika kampuni kwa miaka thelathini na mmoja, na hakuna jambo duniani ambalo, kwa maoni yake, halikuwa na waya mahali fulani.

— Radio, we uko mutoto, alisema. Wahenga balisemaka: asiyekuwepo na lake halipo. Mwalimu wa chimie alitoka miaka mbili sasa, anaendesha kamyo. Donc hakukuwako. Donc na kosa yake haiko. Donc hii kosa haiko!

— Hiyo methali haifanyi kazi hiyo, alisema Modeste.

— Inafanya kila kazi. Iko methali.

— Basi mi nitasema kweli, alisema Radio, akisogeza kikombe karibu. Nilikuwa naificha juu ya kumuhurumia Mama Kapinga. Muko munajua bana Musonoi. Banachimbaka mpaka chini ya kitanda ya bibi arusi. Bon. Balichimba shimo kutokea hapa mpaka chini ya centre. Mutu akakaa chini na kitabu. Mutoto anagonga na muguu, mara kumi na ine, mutu anapitisha jibu mu simenti.

— Shimo moja au mashimo mawili? aliuliza Modeste.

— Namna gani?

— Vituo ni viwili. Dakika arobaini za pikipiki kati yake. Wewe mwenyewe ndiye uliyewapeleka wengine.

Radio alifikiri. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetazama gharama.

— Mashimo mbili.

— Na udongo waliuweka wapi?

— Udongo? Balishauzisha ku depo, kwa banunuzi wa madini.

Mama Kapinga alicheka bila kutaka, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, na haikuwa wazi ni machozi ya nini.

— Munacheka, alisema Ministre, lakini dalili ya mvua ni mawingu. Mi niko fundi. Betri inatengenezwaka na nini? Na cobalt. Cobalt iko wapi? Iko mu ile vumbi ya Kingamyambo, penye banasafisha tena masalio ya zamani. Upepo unaileta hapa. Hii batoto banaivuta tangu kuzaliwa. Kichwa ya mutoto wa Musonoi ni betri, tata! Ilijaa courant. Siku ya examen iliwaka.

— Na miaka tisa iliyopita? aliuliza Modeste. Vumbi halikuwapo?

— Lilikuwako.

— Mbona hawakufaulu?

— Ilikuwa ingali inacharge.

Modeste alivua miwani akaipangusa. Alitaka kucheka na hakuweza, kwa maana saa ya mkononi ilisema saa nne na nusu, na karatasi aliyopaswa kuipeleka bado ilikuwa nyeupe. Sheria ilikuwa imemfundisha kwamba asiyejua na aseme hajui. Lakini barua ilikuwa imefunga mlango huo: kutojua kungehesabiwa kuwa kukiri. Na kukubali asichokiona, hata kwa ajili ya mtoto wa jirani, hakuwahi kufanya. Alikuwa amefaulu kuangusha nadharia tatu na hakuwa na yake hata moja.

Wakati huo alifika mwanamke mwenye beseni kichwani, nguo zimelowa hadi magotini. Aliitwa Joyeuse. Aliosha mawe ya madini mtoni, na hakuwa mtu wa benchi; alikuja kwa kahawa ya kubeba tu. Alitua beseni chini. Lilikuwa limejaa mawe ya kijani.

— Munabishana nini tangu kule? Sauti zenu zinafika ku mto.

— Examen ya batoto, alisema Radio. Banasema baliiba. Baliuliza: jiwe ya malakiti, ile ya kijani, yenye kuwa safi kabisa, mu asilimia mia, iko na shaba ngapi? Bote bakaandika ishirini na mbili. Bote! Njo inspecteur anakasirika.

Joyeuse alitazama beseni lake, kisha akawatazama wao.

— Na jibu ya kweli ni ngapi?

 Radio, aliyebeba magunia ya jiwe hilo kwenye pikipiki yake kwa miaka sita, alimtazama Ministre. Ministre, aliyeunganisha nyaya za mitambo inayoliyeyusha kwa miaka thelathini na mmoja, alimtazama Greffier. Naye Modeste alirudi kwenye barua, akaipekua mbele na nyuma. Majibu matano ya kuchagua yalikuwamo: ishirini na mbili, thelathini na nne, hamsini na saba, sabini na moja, themanini na nane. Lililo sahihi halikutajwa. Siku tisa alikuwa amelishika faili hilo, ameuliza nani, lini, wapi na kwa njia gani. Swali la kwanza kabisa hakuwa ameliuliza. 

— Hatujui, alisema.

— Mwadi! aliita Mama Kapinga. Mwadi, kuya!

Msichana alitoka nyuma ya nyumba na vikombe vilivyooshwa. Alipoulizwa hakujibu kwa mdomo. Aliokota kipande cha makaa, akaandika kwenye kifuniko cha katoni.

— Mu ile jiwe kuko shaba mara mbili. Shaba moja ni sitini na tatu na nusu. Mara mbili, mia moja ishirini na saba. Tena kuko kaboni, kumi na mbili. Oksijeni tano, makumi munane. Idrojeni mbili, mbili. Yote pamoja, mia mbili ishirini na moja. Sasa munagawanya.

Aligawanya. Makaa yalikwaruza. 

— Makumi tano na saba, alisema.

— Njo we ulijua! Radio alisimama. Mulijua!

— Tulijua, tata.

— Na ukaandika ishirini na mbili? Mama yake alishika kichwa. Mwadi, juu ya nini?

Modeste aliinua mkono, kama alivyomwona hakimu akifanya mara nyingi shahidi alipofika karibu na jambo.

— Mwache aseme kwa mpangilio. Mwanangu, anza mwanzo. Mlijifunzaje kemia bila mwalimu?

— Kama équipe ya mu shimo, tata. Ku bachimbaji, mumoja anashuka, anajaza mufuko, babengine banavuta. Mufuko hauko ya mwenye alishuka, uko ya bote. Na hakuna mwenye anakulaka mbele ya mufuko ya mwisho kupanda. Bon. Tulikuwa thelathini na bane, na kitabu moja ya chimie. Tukaikata na kisu, kila mutu kipande yake. Unashuka mu kipande yako juma nzima. Siku ya Mungu, kisha kanisa, unapandisha, unafundisha bote. Mutu moja akikosa kuelewa, hatutoke. Hesabu vile vile. Fizike vile vile.

— Wapi?

— Mu nyumba ya Tata Mpoyi, ile haina bati.

Modeste aliijua nyumba hiyo. Nyumba ya Mpoyi ilikuwa ukuta kwa ukuta na yake. Jumapili thelathini, labda zaidi, alikuwa ameketi uani akisikia sauti za vijana zikirudia jambo kwa pamoja hadi giza likaribie, naye alidhani ni kikundi cha sala. Mara moja aliwahi hata kunung'unika kwamba vijana wa siku hizi wanasali kupita kiasi.

— Na swali hili?

— Ile ilikuwa ya Sadrack. Zoezi ilikuwa mu kipande yake, lakini kurasa za mwisho zenye majibu zilikuwa zilipasuka zamani. Tukahesabu. Tukapata makumi tano na saba. Tukacheka.

— Mlicheka?

— Tata, nani alionaka makumi tano na saba mu hii cité? Baba ya Sadrack anachimba. Mama ya Marlène anaosha. Sisi bote tulishaendaka ku depo na mufuko. Ile mashine ya kupima shaba, njo inapanga bei, banaiweka juu ya jiwe, inasema nane, inasema kumi, siku ya Noeli inasema kumi na tano. Tukasema, tulikosa mahali. Tukahesabu tena. Makumi tano na saba. Mara tatu. Njo Sadrack akasema: tusibishane, tupime. Tukatafuta jiwe yenye kupita yote kwa uzuri. Tukaiosha na brosi ya meno. Akaipeleka ku depo. Mashine ikasema ishirini na mbili. Akaipeleka ku depo ingine. Ishirini na moja.

Alikitazama kipande cha makaa mkononi.

— Tukakata makumi tano na saba na biki. Tukasema, kitabu iliandikwa na mutu wa mbali. Jiwe iko ya kwetu.

Radio aliketi polepole. Ministre aliivuta katoni, akaifuata hesabu kwa kidole.

— Jiwe hilo liko wapi? aliuliza Modeste, na sauti yake haikuwa ya mahakamani tena.

Mwadi aliingia ndani akarudi nalo. Lilikuwa saizi ya yai, kijani ndani ya kijani, duara juu ya duara. Modeste aliligeuza mwangani. Alikuwa na shaka, na shaka kwake ilikuwa ibada. Kwa hiyo alitafuta, akakuta mshipa mwembamba wa udongo wa kahawia ubavuni.

— Si safi kabisa, alisema. Jiwe la kitabuni halina udongo. Hili lisingesoma hamsini na saba hata kwenye mashine ya malaika.

— Ndiyo, tata.

— Lakini udongo huu ni wa unene wa uzi.

— Ndiyo, tata.

Alipima upya, kwa sauti, kana kwamba mbele yake kulikuwa na meza ndefu na watu wenye majoho. Kama walinunua jibu, walinunua jibu baya, na muuzaji aliwauzia wao peke yao. Kama walinakiliana chumbani, mikono yao ilikuwa mirefu dakika arobaini. Na kama msichana huyu alikuwa ametunga hadithi asubuhi hii, basi alitunga pia makaa yaliyogawanya bila kusita, na jiwe, na Jumapili thelathini ambazo yeye Modeste alizisikia kwa masikio yake mwenyewe. Kilichobaki kilikuwa kigumu kuaminika kuliko mashimo mawili ya Radio: watoto thelathini na mmoja, kila mmoja kwenye dawati lake, walifika kwenye jibu la kweli, wakalitazama usoni, na wakalikataa kwa sababu maisha yao yote yalishuhudia kinyume.

— Kosa la namna hii haliuzwi, alisema kwa upole. Nimesikiliza mashahidi miaka ishirini na sita. Sijawahi kuona kosa lenye heshima kama hili.

Joyeuse alikuwa bado amesimama. Kahawa yake ilikuwa tayari na hakuichukua. Aliinama, akaokota jiwe moja kutoka beseni, akalishika karibu na lile la Mwadi. Yalifanana.

— Miaka kumi na moja naosha mawe, alisema. Mashine inasema kumi, nasema aksanti. Inasema kumi na mbili, naenda kanisa kutoa shukrani.

— Mama, lako lina udongo zaidi, alisema Modeste, kwa sababu lilikuwa kweli.

— Najua udongo, tata. Njo kazi yangu. Alirudisha jiwe. Nauliza tu kintu moja. Batoto bakikosa, inspecteur anakuya. Anatoka mbali, na barua, na tamponi ya muhuri. Ile mashine ikikosa, ni inspecteur gani anaikuyia?

Alingoja. Si kwa dharau. Alidhani kweli kwamba watu wa benchi, wenye miwani na miaka ya kampuni, wangejua. Ministre alitazama mbabula. Radio alitazama gurudumu la pikipiki yake. Mama Kapinga aliinua birika kumwongezea mtu chochote, likatoa machicha ya kahawa.

Modeste alichukua kalamu. Alichoandika hakikuzidi nusu ukurasa. Aliandika alichosikia ukutani kwake, na siku alizokisikia. Aliandika hesabu ya Mwadi kama ilivyokuwa kwenye katoni. Aliandika kwamba hakuwapo wakati jiwe lilipopimwa, na kwamba hawezi kuapa juu ya mashine asiyoijua. Alilitaja jiwe kuwa kielelezo, udongo wake ukiwemo, akalifunga ndani ya karatasi pamoja na barua. Mama Kapinga alimsihi aufute ule mstari wa udongo.

— Mama, ukiondoa udongo kwenye barua, wataanza kuutafuta kwa watoto.

Mama Kapinga aliuacha mstari ubaki. Radio alipokea kifurushi kwa mikono miwili, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya, akaondoka bila kupiga honi. Ilikuwa saa tano na dakika tano.

Barua ilifika kabla ya saa sita. Kwa hilo pia mashahidi wanaafikiana. Jibu la Ukaguzi, hadi haya yanaposimuliwa, halijatoka. Mwadi hajamwagiwa poda, wala hajashuka mtoni. Joyeuse alikwenda na beseni lake depo mchana ule ule, na alichoambiwa na mashine hakukisema kwa mtu.

Umesikia pande zote zilizoweza kusikika. Usiwaonee huruma watoto, kwa maana hawakuiomba. Usiichukie mashine kabla haijapimwa. Chukua swali la kumi na nne lenyewe, na wale waliojua jibu lake wakaamini walichokiona. Kisha amua wewe: ni nani hapa aliyeshindwa mtihani, na matokeo ya nani yafutwe?